Mwanafunzi wa chuo cha mtandaoni anahitaji nini hasa? Mimi nasema si bando

#1 Kalamu ya Kibaha
Wakuu, salaam.

Nasoma shahada kwa mtandao, mwaka wa pili, huku nikiwa kazini. Kila yanapojadiliwa masomo ya mtandaoni hoja ni zile zile: bando ghali, umeme unakatika, vijana hawana kompyuta. Ni kweli. Ila mimi kompyuta ninayo, intaneti ya ofisi ipo, na bado muhula uliopita nusura niache.

Kilichonikatisha tamaa ni kwamba hakuna anayejibu. Nimetuma asaimenti ya takwimu, mfumo ukaniambia imepokelewa, basi. Swali nililomwandikia mhadhiri kwenye ukurasa wa kozi lilikaa pale mpaka mtihani ukapita. Alama zilipokuja ni 11 kati ya 20, hata mstari mmoja wa kuniambia nimekosea wapi hakuna. Chuo cha kwenda kwa miguu ningemvizia mlangoni.

Dai langu: mtu wa kukujibu ni muhimu kuliko video, kuliko bando, kuliko mfumo wenye rangi nzuri. Nipingeni.

#2 Dogo Sapu
11 kwa 20 ya takwimu unalalamika? Wengine hapo tunachinja jogoo na kualika majirani.

#3 Fundi Mita
Mleta uzi umeshiba. Anayesema "si bando" ni yule mwenye bando la ofisi.

Mimi niko Nkasi, nasoma kwa simu. Saa moja ya Zoom kamera zikiwa wazi inakula karibu GB moja, wakati mwingine na zaidi. Vipindi vinne kwa wiki, piga hesabu ya mwezi mwenyewe, halafu uje uniambie ninachokosa ni kujibiwa.

Na hizo GB zinaliwa na nini? Na uso wa mhadhiri anayesoma slaidi! Slaidi hizo hizo angezituma kwa PDF, sauti yake akairekodi akaiweka WhatsApp, zingekuwa MB chache. Ningepakua saa nane usiku kwa bando la usiku, nikasikiliza nikiwa njiani kesho yake. Sijawahi kupata faida yoyote kwa kumwona mtu akikohoa mubashara.

Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini? Intaneti ilisuasua Afrika Mashariki nzima. Wenzangu waliokuwa na masomo ndani ya simu waliendelea kusoma. Waliokuwa wanategemea linki walibaki wanatazama kile kiduara kikizunguka.

#4 Bi Shangazi wa Tanga
Nyote wawili mnaongea kama watu wanaoishi peke yao.

Kipindi changu kiko saa moja usiku. Saa moja usiku jamani, nani kapanga? Hiyo ndiyo saa ya watoto kula, baba yao anaingia, mama mkwe anataka chai. Ukisoma chuo cha kwenda, ukishatoka umetoka, watu wanajua mama hayupo. Ukisoma mtandaoni umekaa sebuleni, na kwa kuwa unaonekana, basi unapatikana. "Mama, chumvi iko wapi?" Mhadhiri anaita jina lako, unafungua maiki, kinachosikika darasani ni watoto wanagombea rimoti.

Ninachohitaji ni ratiba itoke kabla muhula haujaanza, na ikishatoka isiguswe. Nikijua wiki ya tano kuna jaribio, naongea na dada wa kazi mapema, au namwomba mdogo wangu aje alale kwangu. Lakini hizi za "leo saa kumi jioni tutakuwa na kipindi cha dharura, mahudhurio yatachukuliwa" zinatuua sisi wenye nyumba. Na wanaozituma nadhani wana wake wanaowapikia.

#5 Mtaalamu Njaa
Visingizio, visingizio.

Mwaka 2012 yalipoanza majukwaa ya kozi za mtandaoni, Coursera na edX, tuliambiwa elimu ya juu sasa ni ya kila mtu. Wahadhiri wa Stanford na MIT, video safi, maswali yanasahihishwa papo hapo. Watu wakajiandikisha kwa mamilioni. Kwenye kozi nyingi waliofika mwisho hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Na wengi waliojiandikisha walikuwa na shahada tayari, wako Marekani na Ulaya, bando kwao si habari. Walikosa nini? Nidhamu. Hakuna chuo kinachoweza kukutumia nidhamu kwa PDF.

Mandela alivunja mawe mchana kutwa Robben Island, usiku akasoma sheria, akapata LLB yake. Hakuwa na Zoom wala mhadhiri wa kumbembeleza.

#6 Wakili Mtarajiwa
@Mtaalamu Njaa tuweke rekodi sawa. Robben Island alikuwa akisomea LLB ya Chuo Kikuu cha London na hakuimaliza. LLB aliyoipata ni ya UNISA (Chuo Kikuu cha Afrika Kusini), mwaka 1989, akiwa ameshahamishiwa gereza la Victor Verster. Tena kule kisiwani walimnyang'anya ruhusa ya kusoma kwa miaka minne baada ya kukuta maandishi aliyokuwa anaandika kuhusu maisha yake.

Na wafungwa wa kule walikuwa wanafundishana wao kwa wao, aliyesoma zaidi anamvuta mwenzake. Sasa huo ni ushahidi wa nidhamu ya mtu mmoja au wa kuwa na wenzako?

#7 Dogo Sapu
Pia alikuwa na muda, chakula cha serikali na hakuna TikTok. Nipeni hayo matatu nami nimalize.

#8 Mtaalamu Njaa
LLB ni LLB, gereza lolote. Hoja yangu iko pale pale.

#9 Mzee wa RTD
Vijana mnajadili kama vile kusoma mbali na mwalimu kumeletwa na Zoom.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Watu wazima kama milioni mbili walishiriki. Hawakuambiwa kila mtu asikilize kivyake. Walikaa kwenye vikundi vya usikivu, kila kikundi kina kiongozi aliyepewa mafunzo, kuna redio, kuna kitabu. Kipindi kikiisha, kitabu kinasomwa, mnajadili, mnakubaliana cha kufanya hapo kijijini. Vyoo vilichimbwa, si hadithi. Anayedhani teknolojia ilikuwa ni redio hakuelewa kilichotokea. Redio ilikuwa inapiga kelele tu, kazi ilifanywa na kikundi.

Baadaye ikaja Sheria Na. 17 ya 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria, makao Kinondoni, Makamu Mkuu wa kwanza Profesa Geoffrey Mmari. Wanafunzi wa mwanzo walipokelewa 1994. Niambieni nani alikuwa na intaneti Tanzania mwaka 1994. Watu walichukua vitabu kwenye vituo vya mikoa, wakasoma kwa koroboi, na waliomaliza mimi ninaowajua ni wale waliokuwa na mtu mwingine wa kozi ile ile mjini kwao. Mmoja alikuwa anapanda treni kumfuata mwenzake Tabora wakasome pamoja.

#10 Dogo Sapu
Mzee heshima yako. Ila treni mpaka Tabora kusoma tu? Huko kulikuwa na mambo mengine.

#11 Mzee wa RTD
Walioana, ndiyo. Na shahada wakapata.

#12 Mtoka Kakamega
Hamjambo majirani. Huku kwetu Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, makao yake Konza. Sina haraka ya kukisifu wala kukiponda, bado ni mtoto. Ila nimependa hoja ya mzee kwa sababu Nairobi tumewahi kuona upande wa pili wake.

Kuna mradi wa Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, ulianzia Washington mwaka 1997 chini ya Benki ya Dunia, ukahamia Nairobi 2002. Siku za mwanzo mihadhara ilikuwa inarushwa kwa setilaiti kutoka ng'ambo, mwanafunzi anakaa ukumbini huku Afrika anamsikiliza profesa wa huko. Mitambo ilikuwa ya bei. Lakini ukiuliza swali, unamuuliza nani, na profesa anajua nini kuhusu mahindi ya Kitale? Stima haikuwa shida, setilaiti haikuwa shida. Kwa hiyo ndugu wa Nkasi nakuelewa, lakini ukipewa bando la bure kesho bado utakuwa na shida ya mleta mada.

Shida yangu mimi ni karo. Chuo cha mtandaoni hakina bweni, hakina nyasi za kukata, na bado nadaiwa ada ya shughuli za wanafunzi. Shughuli gani?

#13 Mwalimu Chaki
Nafundisha chuo kimoja, sitakitaja, na nimesoma uzi huu wote huku nikiwa na asaimenti za kusahihisha pembeni. Naomba mnisikilize kabla ya kunipiga mawe.

Darasa la ana kwa ana lililokuwa na watu 80, likihamishiwa mtandaoni, mtu wa utawala anaona viti havihesabiki tena. Wanakuwa 300. Mshahara ni ule ule, msaidizi hakuna. Nikitumia dakika kumi kwa kila karatasi, hiyo ni saa 50 kwa zoezi moja, na nina kozi tatu. Ndugu yangu wa Kibaha, aliyekupa 11 bila maelezo huenda hakudharau. Alikuwa anazama.

Kuhusu nadharia. Michael Moore (si yule wa filamu, huyu ni wa elimu) aliandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi wa mbali ana mahusiano ya aina tatu: yeye na somo, yeye na mwalimu, yeye na wanafunzi wenzake. Miaka kumi na nne baadaye Terry Anderson akasema kitu kilichoniokoa: si lazima yote matatu yawe imara. Moja likiwa imara kweli kweli, mawili yanaweza kuwa hafifu na mtu akajifunza vizuri tu. Vyuo vyetu shida yake ni kwamba vinatoa yote matatu kwa kiwango cha hafifu. PDF mbovu, mwalimu hajibu, na grupu la WhatsApp la kutumiana salamu za Ijumaa.

Na @Mtaalamu Njaa, hao wa 2012 wengi walijiandikisha kuangalia tu, kwa kuwa ni bure. Ukiwahesabu wote kama walioshindwa unawaonea. Mtu akiingia duka la vitabu akatoka mikono mitupu hatusemi kafeli.

#14 Kalamu ya Kibaha
Mwalimu nimekuelewa na pole. Lakini angalia ulichosema: 300, mshahara ule ule. Hapo umethibitisha hoja yangu. Pesa zimeenda kwenye mfumo, hazikwenda kwa mtu wa kujibu. Wangeajiri wasaidizi watano wa kusahihisha badala ya kununua leseni.

Na kwa kuwa uko hapa, swali langu lile lililokosa jibu ni hili: kwa nini kwenye sampuli tunagawanya kwa n kutoa 1 tunapotafuta "variance" (kipimo cha namba zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani), badala ya kugawanya kwa n? Nimekariri fomula, sijui sababu.

#15 Mwalimu Chaki
Kwa sababu wastani uliotumia umeutoa kwenye data hizo hizo. Wastani wa sampuli daima unakaa katikati ya namba zako mwenyewe, kwa hiyo namba zako zinaonekana ziko karibu nao kuliko zilivyo karibu na wastani halisi wa watu wote, ambao huujui. Ukichukua umbali wa kila namba na wastani, ukauzidisha kwa wenyewe (huo ndio mraba), jumla ya miraba inatoka ndogo kuliko inavyostahili. Ukigawanya kwa namba ndogo kidogo, yaani n kutoa 1, unarudisha kilichopungua. Jaribu na namba mbili tu, 4 na 6. Wastani 5, miraba ni 1 na 1, jumla 2. Gawanya kwa 2 unapata 1, gawanya kwa 1 unapata 2. Sampuli ikiwa ya watu 1,000 tofauti haionekani.

#16 Fundi Mita
Nimeelewa hiyo na mimi, na imenila KB chache za maandishi matupu. Ningesubiri kipindi cha Zoom ningelipia GB. Mwalimu, fundisha hivi hivi.

Halafu bado sijaacha hoja yangu. Mnasema bando si shida halisi kwa sababu wenye bando nao wana shida. Hiyo ni sawa na kusema njaa si shida kwa sababu walioshiba nao wanaumwa. Sisi hatujafika hata kwenye hizo shida zenu. Grupu letu la kozi lilianza na watu wengi, sasa hivi wanaoandika ni wa Dar, Mwanza na Arusha. Wa vijijini hawajafukuzwa na mtu yeyote, wameyeyuka tu.

#17 Nesi Baridi
Niko Minneapolis, nasomea uuguzi, nusu mtandaoni nusu hospitalini. Nawaletea ya huku, si kwa kujisifu maana huku nako kuna vituko.

Siku ya kwanza ya muhula unakuta waraka mmoja wenye kila kitu: vitabu, tarehe zote za kazi, alama ngapi kwa nini, mhadhiri anajibu barua pepe ndani ya muda gani. Kila wiki inafunguka Jumatatu na kufungwa Jumapili dakika moja kabla ya saa sita usiku. Bi Shangazi ungelia kwa furaha. Nafanya zamu za usiku na nina watoto wawili, na utaratibu huo wa wiki ndio unanibeba. Nidhamu yangu mwenyewe ni sifuri, @Mtaalamu Njaa. Nimekodishiwa nidhamu na kalenda.

Kituko sasa. Tunalazimishwa kujadiliana kwa maandishi. Jumatano uwe umeandika mawazo yako, Jumapili uwe umewajibu wenzako wawili, la sivyo alama zinakatwa. Basi kila mtu anaandika "nakubaliana nawe kabisa, umegusa jambo muhimu" kisha anarudia maneno ya mwenzake. Sijajifunza lolote huko. Yule mzee anayesifu vikundi: kikundi cha kulazimishwa na alama ni maigizo.

Na sindano haifundishwi kwa kompyuta. Sehemu ya hospitali ni ana kwa ana, hakuna mjadala.

#18 Mzee wa RTD
Nesi, sikusema kikundi cha alama. Cha kwetu kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo, na jambo la kufanya pale pale. Kuandikiana "nakubaliana nawe" si kikundi, ni foleni.

#19 mkulima_wa_Njombe
Kuna jambo mnalizunguka. Kiingereza.

Mimi darasani nilikuwa naambulia kwa sababu mwalimu akiona nyuso zimekunjamana anageuza Kiswahili dakika mbili, tunacheka, anaendelea. Kwenye video iliyorekodiwa hakuna anayekuona umekunja uso. Mhadhiri anaenda mbio na Kiingereza chake mpaka mwisho. Narudisha nyuma, nasikiliza tena, nasikia maneno yale yale niliyoshindwa kuyaelewa mara ya kwanza.

Kinachonisaidia ni dada mmoja wa kozi yetu, kila baada ya kipindi anatuma sauti kwenye grupu anaeleza kwa Kiswahili, kwa mifano ya sokoni. Hajaajiriwa na mtu. Siku akiacha, nusu yetu tunadisko.

#20 Mwana wa Forodhani
Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat, nasoma chuo cha huko nyumbani. Saa zetu zimetangulia moja, si kitu, lakini kazi yangu haimalizi mpaka usiku, kwa hivyo kipindi cha mubashara kwangu ni haramu kabisa. Chuo kikirekodi nasoma, kisiporekodi sisomi. Ndo hivyo tu. Kuna mhadhiri mmoja hataki kurekodiwa, anasema atakosa wanafunzi darasani. Lakini sie wa mbali tulishamkosa yeye zamani.

La pili, na hili nawaasa vijana: kabla hujalipa ada ya chuo chochote cha mtandaoni, hasa cha nje, uliza kama cheti kitatambuliwa kule utakakokitumia. Tanzania TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ndiyo yenye kazi ya kutambua shahada za vyuo vya nje. Huku nilipo nimemwona mtu na shahada nzuri ya kwenye fremu, kaambiwa aende nayo nyumbani. Yeye hakuhitaji bando wala mwalimu. Alihitaji kuuliza swali moja kabla ya kulipa.

#21 Dogo Sapu
Mbona hakuna anayemtaja mwalimu wangu? ChatGPT imekuja mwishoni mwa 2022, tangu hapo nina mhadhiri anayejibu saa nane usiku, kwa Kiswahili, hanuni, na hajawahi kusema "hilo tulishalizungumza kipindi kilichopita". Mleta uzi shida yako imeisha, funga uzi.

#22 Mwalimu Chaki
Inajibu, ndiyo. Inajibu hata isichokijua, kwa kujiamini kule kule. Nimesahihisha kazi zenye vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa na mtu yeyote, vina mwaka, vina jina la mchapishaji, kila kitu. Mwanafunzi anayelijua somo kidogo itamsaidia. Yule asiyejua kabisa hawezi kujua amedanganywa.

Na imetuletea janga la mitihani. Zamani niliweza kumpa mtu zoezi la kufanyia nyumbani. Sasa nusu ya kazi zinafanana lugha, na wote mna Kiingereza cha Oxford kwenye asaimenti halafu kwenye barua pepe mnaandika "sir naomba uniongezee mda".

#23 Dogo Sapu
Hiyo barua pepe naijua mwenyewe.

#24 Mtoka Kakamega
Na sasa wameleta dawa mbaya kuliko ugonjwa: mtihani wa kamera. Unafanyia nyumbani, programu inakutazama macho. Binamu yangu aliinua kichwa kufikiri, ikamwandikia onyo.

#25 Bi Shangazi wa Tanga
Usiniambie. Kabla ya kuanza nimeambiwa nizungushe simu nionyeshe chumba kizima. Chumba changu cha kulala! Kitanda, nguo za kufua, kila kitu, anaangalia sijui nani. Halafu mtoto akapita nyuma kuchukua chaja, mtihani ukasimamishwa nijieleze. Hakuna chumba kingine nyumbani chenye mlango unaofungwa. Wamepanga mtihani wakidhani kila mwanafunzi ana chumba cha kusomea.

#26 Mzee wa RTD
Ndiyo maana Chuo Huria mitihani hufanyiwa kwenye vituo vya mikoa. Unakaa kwenye kiti, kuna msimamizi mwenye macho yake mwenyewe.

#27 Fundi Mita
Kituo chetu kiko Sumbawanga mzee. Nauli, na pa kulala, na bosi anayekupa ruhusa. Hilo nalo ni la wenye nafasi. Kwangu heri kamera kuliko basi, chumba changu nitawaonyesha, hakina kitu.

#28 Mtaalamu Njaa
Nimesoma mpaka hapa. Mmoja anataka kurekodiwa, mwingine hataki video. Mmoja anataka ratiba isiyoguswa, mwingine hawezi kuhudhuria ratiba yoyote. Mmoja anataka kikundi, mwingine anasema kikundi ni maigizo. Chuo kiwape nini sasa? Ndiyo maana nasema mwanafunzi ajipange mwenyewe.

#29 Nesi Baridi
Hakuna aliyepinga kupata tarehe mapema. Rudi juu uangalie. Na kila anayetaka kurekodiwa anaweza kupewa sauti ya Fundi Mita, anaridhika. Usifanye ionekane haiwezekani.

#30 mkulima_wa_Njombe
@Nesi Baridi sauti nzuri, ila kozi yangu ina michoro. Grafu huwezi kuisikiliza.

#31 Wakili Mtarajiwa
Turudi kwenye kamera, maana hapo kuna sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019. Picha ya uso wako na video ya chumba chako ni taarifa binafsi. Anayezichukua anapaswa kukuambia anazichukua kwa ajili gani. Bi Shangazi, ulisaini chochote?

#32 Bi Shangazi wa Tanga
Nilibonyeza "nakubali". Dakika mbili kabla ya mtihani utabonyeza nini kingine?

#33 Dogo Sapu
Mimi mashine iliniandikia "ametazama pembeni" kwa sababu saa yetu ya ukutani iko pembeni. Sasa nasubiri kuitwa kwenye kamati. Wakili, nifanyeje?

#34 Wakili Mtarajiwa
Usisubiri kuitwa. Andika barua kwa msajili leo, kwa adabu, uliza mambo matatu: nani anayo hiyo video, nani ameitazama kwa macho baada ya mashine kutoa onyo, na itatunzwa mpaka lini. Piga picha ya saa ilipo ukutani na kiti ulipokaa, uambatanishe. Weka nakala. Wakikujibu, lete majibu hapa tuyasome, futa jina lako na la chuo.

#35 Dogo Sapu
Barua kwa Kiswahili au Kiingereza cha Oxford?